Nina shahada ya takwimu, nimekabidhiwa data ya vinasaba: nianzie wapi?

Swali: Nina shahada ya kwanza ya takwimu na ninaishi Morogoro. Biolojia niliiacha kidato cha nne. Nimepata nafasi ya uzamili kwenye mradi unaotafuta vinasaba vinavyohusiana na presha. Sampuli ni watu wapatao 2,000 na vipimo vya vinasaba vimeshafanyika. Msimamizi ameniambia nijifunze programu ya PLINK, nichakate data, kisha tutoe makala. Nimeona kuna kozi fupi Marekani, ila ada na viza vinanitisha. Nitafute udhamini au nijifunze mwenyewe? Nisome mbinu zipi kwanza? Na kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 itatosha?

Jibu: Ndugu msomaji, PLINK, programu ya kuchakata data ya vinasaba, isikunyime usingizi. Mtu mwenye takwimu kichwani na aliyezoea kuandika amri kwenye Linux huimudu ndani ya wiki chache. Shida yake ni kwamba haikatai kazi. Ipe sampuli zilizobadilishana namba maabara, ipe vijiji viwili visivyolingana, ipe presha iliyopimwa kwa mashine mbovu, yote itayapokea na kukutolea jedwali safi lenye thamani za p zilizonyooka. Kwa hiyo mafunzo unayoyahitaji ni yale yatakayokuwezesha kujua, kabla hujaendesha chochote, jibu linatarajiwa kuwa la ukubwa gani na nini kinaweza kulipotosha. Hayo unaweza kuyaanza hapo hapo Morogoro, tena bila kugusa data ya mtu yeyote.

Tuanze na presha yenyewe. Selimundu hutokana na badiliko moja kwenye jeni moja. Ukijua mtoto amerithi nini kwa baba na nini kwa mama, umeshajua kama atakuwa na ugonjwa. Presha sivyo. Presha, kimo, sukari na lehemu husukumwa na vibadala vya vinasaba, yaani sehemu za DNA ambazo watu hutofautiana, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kwa kiasi kidogo mno, na juu yake kuna chumvi, unene, umri na maisha yenyewe. Hesabu ya jambo hili ni ya zamani: mwaka 1918 Ronald Fisher alionyesha kwamba sifa inayotofautiana taratibu baina ya watu, kama kimo, inaweza kuelezwa na vinasaba vingi vinavyofuata kanuni za Mendel vikijumlishwa. Varianzi unayoitumia kila siku ilizaliwa katika kazi hiyo hiyo, kwa hiyo wewe si mgeni kabisa kwenye nyumba hii.

Ni vingi kiasi gani? Uchunguzi wa kimo uliotolewa mwaka 2022 ulikusanya watu wapatao milioni 5.4 na kupata vibadala 12,111. Kwa watu wenye asili ya Ulaya vibadala hivyo vilieleza karibu asilimia 40 ya tofauti za kimo. Kwa watu wa asili nyingine, asilimia 10 hadi 20 tu. Kumbuka pengo hilo, tutalirudia.

Sasa chukua karatasi tufanye hesabu ya watu wako 2,000. Tuseme kuna aleli, yaani mojawapo ya sura za kibadala, yenye kiwango cha asilimia 20 katika jamii, na kila nakala yake inapandisha presha kwa sehemu ya kumi ya mchepuko sanifu. Kwa kipimo cha sifa hizi, hiyo ni athari kubwa. Sehemu ya varianzi inayoelezwa na kibadala hicho ni 2 × 0.2 × 0.8 × 0.1², yaani 0.0032. Zidisha kwa watu 2,000 unapata 6.4, ambayo ndiyo chi-mraba itakayoongezeka kwa sababu ya kibadala hicho. Lakini kwa kuwa unapima mamilioni ya vibadala kwa mpigo, kizingiti kilichozoeleka ni p ya 5 × 10⁻⁸, na hicho kinadai chi-mraba ya karibu 29.7. Ukitafuta uwezekano wa kukivuka, unapata chini ya 2 katika 1,000. Ili uwe na nafasi ya nusu kwa nusu unahitaji watu kama 9,300. Ukitaka asilimia 80, zaidi ya 12,000. Na hapo tumedhani kwamba kibadala chenyewe kimepimwa moja kwa moja. Kama umepima jirani yake ambaye uwiano wake nacho, r², ni 0.3, gawa kwa 0.3: zile 9,300 zinakuwa 31,000.

Hesabu hii mpelekee msimamizi wako, kwa adabu, kabla hamjaandika pendekezo. Haimaanishi mradi hauna maana. Inamaanisha kwamba kutafuta vibadala vipya peke yenu si lengo linalofikika, na kwamba mkikuta kimoja kimevuka kizingiti, kwanza kishukuni, pili mjue ukubwa wa athari yake umetiwa chumvi, maana kwa sampuli ndogo kinachovuka ni kile kilichopata bahati. Yapo mengine yanayofikika: kuangalia kama vibadala vya presha vilivyopatikana kwingine vinaelekea upande uleule kwenu, na kuchangia matokeo yenu kwenye muungano wa tafiti nyingi. Hata kukadiria kiwango cha kurithika, yaani sehemu ya tofauti za watu inayotokana na vinasaba, si rahisi kama kinavyoonekana. Kwa watu wasio na undugu, kosa sanifu la makadirio hayo ni karibu 316 gawa kwa idadi ya watu, kanuni iliyotokana na data za Ulaya. Kwa 2,000 ni karibu 0.16. Ukipata 0.25, umepata kitu kinachoweza kuwa sifuri au nusu.

Ukishaielewa hesabu hiyo, fungua programu ya takwimu ya R utengeneze watu wa kuigiza. Hapa ndipo ningependa utumie miezi yako ya kwanza, na ndipo wanafunzi wengi huruka. Tengeneza vijiji viwili vya watu 1,000 kila kimoja. Kipe kibadala kiwango cha asilimia 10 kijiji cha kwanza na asilimia 30 kijiji cha pili. Kisha pandisha wastani wa presha ya kijiji cha pili kwa nusu ya mchepuko sanifu, tuseme kwa sababu wanakula samaki wa chumvi, na hakikisha kibadala hakina athari yoyote. Endesha rigresheni mara elfu moja. Chi-mraba ambayo ingepaswa kuwa na wastani wa 1 itakuwa na wastani unaokaribia 15. Halafu ingiza kijiji kwenye modeli uone inavyoporomoka. Baada ya hapo ficha jina la kijiji, ongeza vibadala vingine elfu kadhaa, uone kama vijenzi vikuu vya data ya vinasaba vinaweza kukigundua vyenyewe. Mwisho ingiza ndugu: kaka na dada, binamu. Hapo vijenzi vikuu vitakuangusha na utaelewa kwa nini watu waliunda modeli mchanganyiko, zinazozingatia undugu, na kwa nini programu kama SAIGE ya mwaka 2018 na REGENIE ya mwaka 2021 zilihitajika.

Usidhani haya ni mazoezi ya darasani. Kwa miaka kadhaa iliaminika kwamba tofauti za kimo baina ya Ulaya ya kaskazini na ya kusini zilikuwa alama wazi ya uteuzi wa asili, kwa sababu maelfu ya vibadala vya kimo vilielekea upande mmoja. Mwaka 2019 timu mbili zilirudia kazi hiyo kwa data ya UK Biobank, hazina ya data za afya na vinasaba ya Uingereza, iliyokusanywa kwa namna moja ndani ya nchi moja, na alama hiyo ikanywea kwa kiasi kikubwa. Upendeleo mdogo uliobaki baada ya marekebisho ya kawaida ulikuwa umejumlishwa kibadala juu ya kibadala mpaka ukaonekana kama ugunduzi. Waliohusika walikuwa mabingwa. Sasa fikiria Tanzania, ambako Wabantu, Waniloti, Wakushi, Wahadzabe na Wasandawe wanaishi ndani ya nchi moja, na wagonjwa wa presha wanaandikishwa hospitali ya mjini huku wasio wagonjwa wakitafutwa kijijini.

Kuna mfano mmoja ambao ningemtaka kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki aujue kwa undani, nao ni wa Gambia. Mwaka 2009 ilitolewa kazi iliyopima watoto 2,500 kwa chipu, yaani kifaa kinachosoma vibadala vilivyochaguliwa tu, ya vibadala 500,000, ikitafuta vinasaba vinavyokinga malaria kali. Kinga ya selimundu dhidi ya malaria inajulikana tangu Anthony Allison aliyekulia Kenya aieleze mwaka 1954, na ni miongoni mwa athari kubwa kabisa tunazozijua kwa binadamu. Ungetarajia ilipue grafu. Haikulipua. Alama kwenye eneo lile ilikuwa na p ya 4 × 10⁻⁷, hata kizingiti haikuvuka. Kibadala cha selimundu chenyewe hakikuwemo kwenye chipu, na majirani waliokuwemo hawakukiwakilisha vizuri, kwa kuwa jamii za Afrika ni kongwe na vizazi vingi vya kuchanganya kromosomu vimevunja mafungu ya vibadala vinavyorithiwa pamoja kuwa vipande vifupi. Watafiti walisoma DNA ya eneo lile kwa ukamilifu kwa Wagambia 62 tu, wakatumia mpangilio wao kukadiria kilichokosekana kwa watoto wengine wote. Alama ikaruka hadi 4 × 10⁻¹⁴, na kilele chake kikasimama juu ya kibadala chenyewe.

Watu 62! Kazi ile inakufundisha mambo ambayo kozi nyingi hupitia haraka: chipu ilichagua nini, kundi la marejeo mnalotumia kujaza vilivyokosekana linatoka wapi, na r² ina maana gani kwenye sampuli yenu wenyewe badala ya kwenye jedwali la Ulaya. Waulize wenye data maswali hayo matatu. Wakikosa majibu, usianze uchakataji. Afadhali sasa kuna marejeo ya kanda yetu. Uganda, kwenye kundi la Kyamulibwa linalofuatiliwa tangu 1989, walisoma jenomu nzima za watu 1,978 na kupima wengine mpaka kufikia 6,400, na matokeo yalitoka 2019. Vijiji vile vina ndugu wengi, kwa hiyo ni shule nzuri ya zile modeli mchanganyiko nilizozitaja.

Selimundu ina somo jingine dogo. Katika kusafisha data utaambiwa uondoe vibadala vinavyokiuka kanuni ya Hardy na Weinberg, inayokadiria ni watu wangapi watakuwa na nakala moja au mbili za aleli, kwa sababu ukiukaji mara nyingi ni kosa la maabara. Sasa tuseme watu wako 2,000 ni watu wazima, 320 kati yao ni wabebaji wa selimundu, na hakuna hata mmoja mwenye nakala mbili, kwa kuwa wengi wa waliozaliwa nazo hawakufika umri huo. Kanuni inatarajia wawe karibu 13. Piga chi-mraba: 15, p ikiwa karibu 0.0001. Aliyeweka kichujio cha 0.001, na wapo wengi, amekitupa kibadala mashuhuri kuliko vyote barani bila kujua. Aliyeweka 10⁻⁶ amekibakiza. Vichujio vya kunakili kutoka makala ya mtu mwingine ndivyo vilivyo.

Kisha kuna kipimo cha sifa, ambacho wanatakwimu hukipokea kama kilivyo kwenye safu ya jedwali. Presha ilipimwa mara ngapi? Kwa kawaida kipimo cha kwanza huachwa na vinavyofuata huchukuliwa wastani, kwa sababu mtu aliyetoka kupanda ngazi na kukutana na koti jeupe hupanda presha. Wanaotumia dawa mtawafanyaje? Ukiwaacha walivyo, wagonjwa wako wanaonekana wazima. Ukiwaondoa, umetupa watu wenye habari nyingi kuliko wote. Desturi iliyoenea ni kuwaongezea 15 kwenye kipimo cha juu na 10 kwenye cha chini. Ni makadirio, si ukweli, lakini ni bora kuliko kujifanya huoni. Na ukija kuhamia kwenye sukari, ujue kwamba HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye himoglobini, hivyo chochote kinachobadili chembe nyekundu hukipotosha. Uganda ndicho walichokiona: thalasemia ya alfa, hali ya kurithi inayoathiri himoglobini, ikajitokeza kwenye HbA1c. Kwa Wamarekani weusi, kibadala kimoja cha jeni ya G6PD hushusha HbA1c kiasi cha kuficha kisukari cha baadhi ya watu. Mtu aliyeiangalia p peke yake angetangaza vinasaba vya kisukari.

Biolojia isikutishe. Jifunze jinsi mbegu za uzazi zinavyotengenezwa na kromosomu zinavyobadilishana vipande, maana kila unachokisoma kuhusu urithi wa pamoja kinatoka hapo. Jua aleli, jenotaipu (aleli mbili alizo nazo mtu kwenye sehemu moja), na jinsi jeni inavyotengeneza protini. Mengine utayaokota njiani.

Mpangilio wa mbinu, kwa maoni yangu: rigresheni na nguvu ya jaribio kwanza, muundo wa jamii na undugu pili, kujaza vilivyokosekana tatu, kiwango cha kurithika nne. Alama za hatari zinazojumlisha vibadala, pamoja na mbinu za kutafuta visababishi kwa kutumia vinasaba, ziache mwaka wa pili. Najua ndizo zinazopendwa kwenye mikutano. Lakini pengo la asilimia 40 dhidi ya 10 hadi 20 nililokutajia linatosha kukuonyesha kinachotokea ukichukua alama iliyotengenezwa Ulaya na kumpima nayo mtu wa Kilosa: namba utaipata, na itakuwa na maana ndogo sana. Zinahitaji mtu ambaye ameshazoea kushuku.

Kuhusu kozi za nje: nenda, ila si sasa. Ile ya kiangazi ya jenetiki ya takwimu iliyoanzishwa North Carolina mwaka 1996 na kukaa miaka mingi Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, hufundishwa kwa vipindi vya siku chache kila somo, na ile warsha ya Boulder, Colorado, chimbuko lake likiwa watafiti wa mapacha, nazo zina walimu ambao ndio walioandika programu zenyewe. Anayefika na data yake na swali lililomkwama hurudi na jibu. Anayefika mtupu hurudi na cheti na slaidi. Mwaka wako wa kwanza tafuta karibu: mtandao wa H3ABioNet, chini ya mpango wa H3Africa uliofadhiliwa na Marekani na shirika la Wellcome la Uingereza kuanzia 2012, uliendesha kozi za bioinfomatiki kwa madarasa yaliyotapakaa Afrika nzima, yenye wasaidizi wa kukaa na wanafunzi. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, Kenya, kina utamaduni wa miaka mingi wa kulea watafiti vijana kuanzia ngazi ya uhitimu. Watafiti wa Entebbe na Makerere, Uganda, wako jirani, na Chuo Kikuu cha Wits cha Johannesburg ndicho kilichoongoza AWI-Gen, utafiti wa watu wapatao 12,000 katika nchi nne, Kenya ikiwemo.

Ila zaidi ya kozi yoyote, angalia nani atasoma skripti zako. Muulize msimamizi bila kuzunguka: kuna mtu kwenye mradi aliyewahi kuchakata data ya namna hii na atakayekaa nami mara moja kwa wiki? Kama hayupo, ombeni msimamizi mwenza Uganda, Kenya au Afrika Kusini, na jambo hilo liwe kwenye maandishi kabla hujasaini. Maandishi hayo yaseme pia data inakaa wapi, nani ana ruhusa ya kuitoa nchini, na jina lako litakaa wapi kwenye makala. Kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mkataba wa kuhamisha data si makaratasi ya ofisa mwingine. Wewe ndiye utakayekuwa na faili mkononi siku mshirika wa nje atakapoliomba kwa barua pepe. Somo la maadili lisome kwa uzito pia kwa sababu ya historia: Galton na Fisher, waliotupatia zana hizi, walikuwa pia watetezi wa fikra za kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae. Utakapoandika kwamba kabila fulani lina presha ya kurithi, kuna atakayeisoma sentensi hiyo kwa nia isiyo yako.

Sasa kompyuta. PLINK huhifadhi kila jenotaipu kwa biti mbili, kwa hiyo watu 2,000 kwa vibadala milioni 2 ni biti bilioni 8, sawa na takribani GB moja. RAM ya GB 8 inakutosha kusafisha data, kupata vijenzi vikuu na kuendesha rigresheni, mradi uweke Linux na usifungue faili kwa Excel, ambayo ina tabia ya kugeuza majina ya baadhi ya jeni kuwa tarehe. Haitatosha kwa kujaza vilivyokosekana, ambapo vibadala hufika makumi ya milioni; hapo mtahitaji seva, na gharama yake iingie kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo. Kabla ya kununua diski ya nje ya kuhifadhia nakala, muulize mwenye data kama kibali kinaruhusu kabisa data hiyo kukaa kwenye kompyuta yako binafsi. Mara nyingi hakiruhusu, na hapo utafanya kazi yote kwa kuunganishwa na seva ya chuo, na hiyo GB 8 itakuwa zaidi ya unachohitaji.